Kufuta ada pekee hakutoshi
Makala moja niliyoisoma inasema vyuo vikiwafutia ada watoto wa familia maskini, mlango utakuwa umefunguka. Umefunguka nusu. Bado kuna chumba, chakula, nauli na kompyuta, na mara nyingi fedha za kujikimu huingia wiki kadhaa baada ya masomo kuanza. Nimemwona mwanafunzi mwenye alama za juu akinakili kitabu cha maktaba kwa mkono, hana hela ya fotokopi.

Brazili, kwa sheria ya mwaka 2012, ilitenga nusu ya nafasi za vyuo vikuu vya shirikisho, yaani vya serikali kuu, kwa waliosoma sekondari za umma, wanakosoma watoto wengi wa maskini. Hatua kubwa mno! Ila nafasi iende pamoja na posho inayoanza siku ya kwanza ya masomo, na mtu wa kuwaelekeza wanafunzi hao kujaza fomu, maana kwao wengi hakuna aliyewahi kufika chuo.