Jina kwanza, sindano baadaye

Asanteni kwa makala yenu kuhusu Kate Granger, daktari wa wazee kule Yorkshire, Uingereza, aliyegundulika na saratani mwaka 2011 akiwa na miaka 29, akaanza kuandika hadharani yote aliyopitia. Ila mmepita haraka mno pale kampeni yake ya kuwataka wahudumu wa afya wajitambulishe kwa wagonjwa ilipozaliwa. Agosti 2013 alilazwa, na wengi waliomhudumia hawakumtajia hata jina. Aliyejitambulisha ni Brian, mhudumu wa kusukuma wagonjwa. Na huyu mgonjwa mwenyewe ni daktari!

Mimi nilimuuguza mama yangu wodini wiki tatu. Walimwita "kitanda cha kumi na nne". Kila akisikia hivyo aligeuka kwanza kutazama namba ukutani, ahakikishe ni yeye. Usiku mmoja muuguzi wa zamu akainama, akamshika kiganja: "Shikamoo mama," akataja jina lake mwenyewe, akasema yuko naye mpaka asubuhi. Mama akamuuliza kwao ni wapi, wakaongea hadi dripu ikaisha. Asubuhi ile alimaliza uji wote.

Nampenda Kate pia kwa kuzungumzia kifo chake bila kuzungukazunguka; kwetu hata neno saratani tunalinong'ona. Alifariki Julai 2016, akiwa na miaka 34. Mumewe, Chris Pointon, aliendelea kuipeleka kampeni hiyo mbele. Tafadhali mwandikieni na yeye makala.