Daftari la mfungwa na cherehani ya jirani

Binamu yangu aliingia jela na elimu ya darasa la sita, akatoka na cheti cha KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Kenya wakati huo, na kingine cha useremala, gredi ya tatu. Kosa alilitenda kweli. Alivunja nyumba ya jirani usiku, akabeba cherehani, na kabla ya saa nne asubuhi alikuwa ameiuza Kisumu. Akapewa miaka 7. Sheria ya Magereza humpunguzia theluthi moja ya kifungo mfungwa mwenye bidii na nidhamu, kwa hiyo alitumikia miaka 4 na miezi 8.

Kila nilipomtembelea aliomba daftari. Wenzake wa seli walikuwa wakichana kurasa ili wasokote tumbaku, hata akaanza kulala na daftari amelifunga tumboni kwa kamba, chini ya shati. Walimwita Profesa. Askari mmoja alimwambia nikisikia, "Soma tu, ukitoka utaiba kwa Kiingereza." Baba yake, yaani mjomba wangu, alikataa kutoa hata shilingi. Sikio la kufa halisikii dawa, alisema.

Zamani niliwaona wote hawa watu wa roho mbaya. Siku hizi siwaweki kapu moja. Aliyekata tamaa akimwona mwenzake anasoma hukumbuka siku zake mwenyewe zinazopotea, na kucheka ni kazi nyepesi kuliko kufungua kitabu. Askari ameshuhudia wengi wakitoka na kurudi. Mjomba aliuza ng'ombe wawili kumlipa wakili, kisha akaishi na aibu kijijini.

Ila kuna sauti moja isiyostahili kujibiwa haraka, ya mwenye cherehani. Mama huyo alikuwa akishona sare za shule. Cherehani ilipoibwa, binti yake wa kidato cha pili alirudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na hakurudi tena darasani. Habari za KCPE ya binamu zilipomfikia, alinisimamisha sokoni akaniuliza, "Mwizi wangu anasomeshwa na serikali. Mtoto wangu anasomeshwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Sisi tunaotetea elimu ya gerezani tuna mazoea ya kuliruka swali hili kama mtu anavyoruka mtaro. Tunasema mfungwa akielimika jamii nzima inafaidika. Lakini faida hiyo haijabisha hodi kwa mama yule. Elimu humfaa aliyefungwa, haimlipi aliyeibiwa, na anayedhani cheti ni toba anajidanganya. Hata hivyo, kumnyima binamu daftari kusingemrudisha binti shuleni. Wala gharama si kubwa hivyo, kwa kuwa huko ndani mara nyingi mwalimu ni mfungwa mwenzako aliyekutangulia kusoma. Ndiyo maana, pamoja na swali lile kunikaa kooni, bado nasema asome.

Wapo wanaoambiwa neno gumu zaidi: umefungwa maisha, unasoma uende wapi? Punguzo la theluthi haliwahusu. Lakini Desemba 2017 Mahakama ya Juu ilipofuta hukumu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji, ilitaja uwezekano wa mtu kurekebika miongoni mwa mambo ya kupimwa anapohukumiwa upya. Na katika magereza ya Kenya wapo wafungwa waliosomea sheria ya Chuo Kikuu cha London wakiwa ndani, wakawasaidia wenzao kuandaa rufaa. Milango ya magereza yetu ilianza kulegea tangu 2003, Moody Awori, mbunge wa Funyula, alipokuwa waziri anayesimamia magereza. Mwenye kuuliza "uende wapi" anasahau kwamba mtu huishi humo ndani pia, kila siku, na watu.

Hoja ya wakatishaji tamaa inayoniuma ni ile tunayoithibitisha sisi wenyewe tulio nje. Binamu alipotoka aliomba kazi kwenye karakana moja. Walitazama mikono yake, wakampa mbao aipige randa, wakaridhika. Kisha wakamwambia alete cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Rekodi ya polisi haijui gredi ya tatu. Alikunja karatasi zake akaondoka. Tunamhimiza mtu asome, tunamfungia mlango, na akirudia wizi tunasema tulijua. Utabiri wa yule askari unatimizwa na waajiri, wala si na wezi.

Sasa binamu anaunda vitanda chini ya mwembe, kando ya barabara ya Busia. Alipouza cha kwanza aliniomba nimsindikize kwa mwenye cherehani. Alimpa shilingi 2,000 kwa mikono miwili. Mama akazihesabu polepole, akazifunga kwenye pindo la leso, akauliza, "Bado ngapi?" Binamu akamtajia. Mama akaingia ndani bila kutukaribisha, na binamu akatoa daftari mfukoni, akaandika salio.