Walimu washirikishwe mapema
Nimefurahi kusoma kwamba wanafunzi wa pwani wamepanda mikoko, lakini habari haisemi walimu wao walishirikishwa vipi. Hapo ndipo penye kazi. Kule Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umedumu tangu 2013, na naamini ni kwa sababu wanakijiji wenyewe huamua fedha za hewa ukaa, yaani malipo wanayopata kwa kutunza msitu wa mikoko unaofyonza hewa hiyo, ziende wapi. Watoto wameona vitabu na maji vikitokana na msitu ule. Mwalimu akishajua kwamba kati ya aina za mikoko, mlilana ndio hukaa mbele kabisa baharini, na mchu hustahimili chumvi nyingi upande wa nchi kavu, hatakubali darasa lake lichomeke miche ya aina moja tu ya mkoko popote penye tope. Tafadhali wahusika, waiteni walimu na wavuvi kabla ya kuchagua eneo, msingoje siku ya kupanda.