Polisakaridi ya probayotiki: wanaosafisha msiwacheke bado

Kuna ubishi hauishi kwa watu wa labu hapa Nairobi na kando yake, kuanzia Kabete hadi Juja. Umetoa Lactobacillus yako, bakteria wa probayotiki yaani wale wa kusaidia tumbo, kwa mursik, maziwa ya kuchachusha, umeiotesha vizuri, sasa ile polisakaridi, mnyororo mrefu wa sukari, inayoachilia nje unaisafisha hadi mwisho, ama unamwaga ethanoli baridi, unakusanya kilichoganda, unakausha na kuandika ripoti? Siku hizi njia ya mkato ndiyo inapendwa, na ukisema unasafisha unaonekana mtu wa kuchezea pesa ya supavaiza.

Na kusema ukweli, watu wa mkato wana hoja. Ethanoli inataka mara mbili hadi tatu ya ujazo wa supu, yaani maji ya chakula uliyooteshea bakteria, yaani lita moja ya supu inakula lita mbili, tatu, alafu unapata nini? Ukiacha wale wa dekstrani, aina moja ya polisakaridi, wanaopewa sukari ya kawaida wakatoa nyingi, bakteria wengi wa maziwa hawafiki hata gramu moja kwa lita, wakati Xanthomonas, ile ya kutengeneza xanthan ya kufanya vyakula viwe vizito, inapita gramu 10 bila shida. Ongeza dayalisisi, kuosha ndani ya mfuko unaopitisha vitu vidogo tu, siku mbili tatu, na uombe stima isipotee usiku ukiwa unakausha kwa baridi. Tena kama unataka tu mala nzito isiyotoa maji juu, hakuna haja ya kusafisha chochote, wacha bakteria wafanye kazi ndani ya maziwa yenyewe, vile Wafini wanafanya na viili, maziwa yao ya kuchachusha yanayovutika. Hiyo nawapa bila ubishi.

Shida yangu ni ile namba ya miligramu kwa lita, ya kusema bakteria ametoa polisakaridi kiasi gani, juu kila mtu anaitaja na ni wachache wanauliza ndani yake kuna nini. Supu inayotumika sana ni MRS, ya de Man, Rogosa na Sharpe, ya tangu 1960, na ndani yake kuna dondoo la chachu, na chachu ina polisakaridi zake, manani, ambazo ethanoli inazigandisha vilevile, haijui hii ni ya bakteria na hii ilikuja na unga wa dukani. Alafu unapima kwa fenoli na asidi ya salfuriki, ile njia ya Dubois ya 1956, na hiyo inasoma sukari yoyote ile, mpaka glukosi iliyobaki kwa supu, na MRS inawekwa gramu 20 za glukosi kwa lita! Sasa kama bakteria wako anatoa miligramu 100 na hukufanya dayalisisi, hizo 400 unazotangaza ni za nani? Ni sawa na kuuza kuku kwa kilo akiwa na manyoya na miguu.

Ikifika kwa madai ya afya ndio mbaya zaidi. Mtu anaweka ule ute wa kahawia unaonata juu ya seli, seli zinaamka, anaandika ati polisakaridi inaamsha kinga. Inawezekana. Lakini kwa ute huo pia kunaweza kuwa na protini, DNA na asidi ya lipoteikoiki kutoka ukuta wa bakteria, na hiyo ya mwisho inajulikana kuamsha kinga yenyewe. Bila kutenganisha huwezi jua nani amefanya kazi.

Wanaosafisha nao wasijifanye malaika. Ukitumia TCA, asidi ya kugandisha protini, kuondoa protini, polisakaridi zingine zinaenda nayo kwa sentrifyuji, mashine ya kuzungusha, na kila safu ya kuchuja unayopitisha inakula kidogo, kwa hivyo ule unga mweupe mwepesi kama pamba unaoupata mwishoni ni mdogo kuliko kile bakteria alitoa. Namba yao pia ina makosa, ni vile tu yanaegemea kupunguza.

Bajeti ikiwa ndogo kuna njia ya kati. Pitisha supu kwa kichujio cha kilodaltoni 10, kinachozuia molekuli kubwa, kabla ya kupanda bakteria, glukosi na vitu vidogo vitapita na manani kubwa zitabaki nyuma, na uoteshee kwa ile iliyopita. Hata hiyo ikikushinda, chukua chupa moja ya supu bila bakteria, ipeleke hatua zote na zile zingine, ethanoli, dayalisisi, fenoli, na kile itasoma ukitoe kwa hesabu yako kabla ya kutuma ripoti.