Damu ya trauti mchanga kabla ya kuingia baharini

Hapa Unguja hatuna trauti, kwani samaki huyo hutaka mito ya maji baridi. Lakini anayefuga mwatiko katika mabwawa ya kando ya mikoko anaijua vyema shida yake, maana masika yakipunguza chumvi ya bwawa, au jua la kaskazi likiizidisha, samaki huishi kwa kadiri mwili wake unavyoweza kuidhibiti chumvi ya damu. Kwa hiyo swali la watafiti wa Ulaya, kama damu ya trauti mchanga yaweza kuonesha kuwa yu tayari kuuacha mto, si geni kwetu.

Wanaoitetea damu wana hoja nzito. Mchana unaporefuka baada ya majira ya baridi, homoni ya ukuaji na kotisoli, homoni inayopanda pia samaki anapopata mshtuko, huongezeka, nazo huziamsha pampu za matamvua zinazotoa chumvi nje ya mwili. Rangi ya fedha ubavuni ni dalili ya wazi ya utayari huo, ila haiendi sambamba na kazi ya matamvua kila mara.

Hata hivyo, kotisoli hiyo hiyo hupanda ndani ya dakika chache samaki anapofukuzwa na wavu, na mpimaji asiye mwepesi huishia kupima hofu. Sodiamu nayo, sehemu ya chumvi iliyomo damuni, ambayo wengi huikimbilia kwa wepesi wa kuipima, haisemi mengi samaki akiwa bado mtoni, kwa sababu aliye tayari na asiye tayari wote huwa karibu na milimoli 150 kwa lita. Wakitiwa kwa saa 24 katika maji ya bahari, yenye chumvi takriban mara tatu ya damu yao, ndipo wanapoachana: aliye tayari hubaki chini ya 170 hivi, mwenzake hupita hapo. Mimi naikubali damu iwe shahidi, mradi chumvi itangulie sindano.

Inabaki gharama. Trauti wa gramu 30, damu yake yote haifiki mililita mbili, na mara nyingi kumpima ni kumuua. Tena wapo trauti wa aina hiyo hiyo wasiohama maisha yao yote, ambao kipimo kitawaonesha kama dhaifu ilhali ni wazima.

Mwatiko huzaliwa baharini, na vifaranga wake huja mikokoni wenyewe. Mfugaji asiye na maabara aweza kuwatia wachache katika beseni la maji ya bwawa lake kwa siku moja, aone kama wanaistahimili chumvi yake, kabla ya kumwaga waliobaki bwawani.