Kuigiza sio tatizo, tatizo ni mkasi

Watu wakisikia dokumentari fulani ina vipande vya kuigiza wanakuja juu, kumbe katudanganya huyu! Nawaelewa, ila kwa kweli naona wanamkamata asiyehusika, mwenye kosa ni mkasi, yaani vile vipande vya filamu vinavyokatwa na kupangwa.

Chukua Nanook of the North ya 1922, ile ya Robert Flaherty kule kaskazini mwa Kanada kwa Wainuiti. Huyo Nanook jina lake hasa ni Allakariallak, wale wake zake mle ndani sio wake zake, anawinda kwa chusa wakati bunduki walishazizoea kitambo, na ile nyumba ya barafu familia inapolala ilijengwa nusu tu, upande mmoja wazi, ili mwanga uingie kamera ipate picha. Halafu kuna sehemu anapewa santuri anaing'ata kama vile hajawahi kuona kitu hicho, hapo Flaherty ananikera, mtu mzima anafanywa mshamba makusudi. Ila chusa ndo waliyowindia wazee wao, na wenyewe walijua fika wanaigiza, hata kazi za kamera walisaidia.

Sasa njoo Mwanza. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, 2004, dokumentari ya sangara wa Ziwa Victoria na ndege zinazopeleka minofu yao Ulaya, haina mwigizaji hata mmoja, sangara ni sangara, marubani ni marubani, mapanki, yale mabaki ya samaki minofu ikishatolewa, yana funza wa kweli. Lakini ukimaliza kuangalia unaapa kabisa kwamba ndege zinazofuata minofu zinashusha silaha palepale Mwanza. Nani kasema? Hiyo umeipika mwenyewe kichwani, ye kakupangia tu vipande, ndege, samaki, swali la silaha, ndege tena. Kikwete aliishutumu hadharani 2006 na nyumbani wengi walisema bora kasema.

Haya, na Sauper naye ana lake. Wale watoto wa mtaani wanaovuta gundi hakuwaleta yeye kwenye begi, na mwanahistoria wa Ufaransa aliyemwita mdanganyifu alipelekwa mahakamani Paris akakutwa na kosa la kumkashifu. Kwa hiyo kisheria jamaa yuko safi.

Mi bado namwogopa yeye kuliko Flaherty. Ile nyumba ya barafu ukishaambiwa ilikatwa nusu basi, unaiona mwenyewe, mwanga unatokea upande ambao ulipaswa kuwa ukuta. Ile ya Mwanza niliirudia mara ya tatu ndo nikasikia vizuri kwamba yule rubani anayekiri kwa aibu kubeba vifaru alikuwa anaongelea Angola.