Dakika 77 za Metallica na Ugomvi wa Mashabiki Wake

Tangu Metallica walipotoa albamu ya 72 Seasons tarehe 14 Aprili 2023, wapenzi wa bendi hiyo ya Marekani ya muziki wa metal hawajaafikiana juu yake, na kwa jinsi ninavyowasikia wakibishana, hawaelekei kuafikiana. Wapo wanaoihesabu kuwa kazi yao bora tangu ile yenye jalada jeusi ya mwaka 1991. Wapo wanaoapa kwamba hawajawahi kuimaliza kwa mkao mmoja. Katikati tumebaki wengi ambao nusu yake tunaipenda kwa dhati na nusu nyingine tunaivumilia. Maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba huu ni ugomvi ule ule wa siku zote, wa wakongwe wanaotaka kurudishiwa ujana wao dhidi ya wale wanaopokea lolote litokalo. Maelezo hayo hayanitoshi, kwa sababu nimewasikia wakongwe wakiisifu albamu hii na vijana wakiilalamikia, na malalamiko yao, ukiyasikiliza kwa makini, yanahusu jambo moja ambalo mtu yeyote anaweza kulipima kwa saa ya mkononi.

Albamu ina nyimbo 12 na inachukua dakika 77. Nyimbo 10 kati ya hizo zinapita dakika 5. Albamu ya Ride the Lightning ya mwaka 1984 ilichukua dakika 47 tu, na Master of Puppets ya mwaka 1986, ambayo hata wasioipenda bendi hii huikiri kuwa kazi kubwa, ilikuwa na nyimbo 8 na haikufika dakika 55. Tofauti hiyo haikutokana na hekima ya ujana. Ilitokana na santuri, ambayo kila upande wake hubeba vizuri dakika 20 na ushee, na ukizidi hapo mifereji hubanana, sauti hupungua nguvu, na besi ndiyo hudhoofika kwanza. Msanii wa wakati huo alilazimika kuamua ni wimbo gani unabaki na upi unaachwa, au ni ubeti gani unakatwa. Ilipokuja sidii, inayobeba karibu dakika 80, ulazima huo ukaisha. Albamu ya Load ya mwaka 1996 ilijazwa hadi ikaishia sekunde moja tu kabla ya dakika 79, na tangu hapo Metallica hawajatoa albamu ya nyimbo zao wenyewe iliyopungua dakika 74. Wao si peke yao, bendi nyingi za rika lao zilipatwa na tabia hiyo hiyo, lakini kwao imekuwa kama kanuni.

Najua mtu atanijibu kwamba urefu si kosa, na atakuwa na haki. Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi tungekuwa watu wa mwisho kuuogopa wimbo mrefu. Franco na TPOK Jazz walitoa katika miaka ya 1980 nyimbo zilizopita dakika 10, na hakuna aliyetazama saa. Bendi zetu za Dar es Salaam zilifanya vivyo hivyo ukumbini, wimbo ukaanza taratibu ili watu wasikilize kisa cha mtunzi, halafu ukafika mahali ambapo waimbaji wanapisha, magitaa yanaanza kujibizana, tumba zinapanda, na chemko linawainua hata waliokuwa wamekaa na soda zao. Wimbo wa namna hiyo ni mrefu kwa sababu una sehemu mbili zenye kazi mbili. Ukiondoa moja, umeuvunja.

Kipimo hicho ndicho ninachokitumia kwa 72 Seasons, na hapo ndipo ninapoungana na walalamikaji. Nyimbo kadhaa za katikati ya albamu, hasa Sleepwalk My Life Away, Crown of Barbed Wire na Chasing Light, zinaanza kwa kipande kizuri cha gitaa, zinaingia kwenye mwendo wa wastani, kisha zinabaki hapo hapo: ubeti, kiitikio, ubeti, kiitikio, solo, kiitikio tena, huku kipande kile kile cha mwanzo kikirudiwa mara nyingi kuliko kinavyoweza kustahimili. Hakuna chemko linalokuja. Unaweza kuukata wimbo kwa dakika 2 na msikilizaji asijue kilichoondolewa, na wimbo ukifikia hali hiyo, mashabiki wanaosema wamechoka hawastahili kuambiwa kwamba hawaelewi muziki.

Linganisha na nyimbo mbili zilizo kwenye ncha tofauti za albamu hiyo hiyo. Lux Æterna, uliotolewa mwezi Novemba 2022 kututangazia ujio wa albamu, hauchukui hata dakika 3 na nusu. Unakwenda mbio, unasema ulilonalo na unaondoka. Inamorata, unaofunga albamu, unachukua zaidi ya dakika 11 na ndio wimbo mrefu kuliko wote waliowahi kuuweka kwenye albamu ya nyimbo zao wenyewe. Cha kushangaza ni kwamba hata wale wanaoilaumu albamu kwa urefu huusamehe wimbo huu, na wengi huutaja kuwa kilele chake. Sababu inasikika waziwazi: kufika katikati magitaa yananyamaza, besi ya Robert Trujillo inabaki karibu peke yake, ngoma za Lars Ulrich zinarudi kidogo kidogo, na uzito wote unapojengwa upya unahisi umesafirishwa kutoka mahali fulani hadi pengine. Dakika 11 hizo ni fupi kuliko zile karibu 7 za Chasing Light.

Waliozoea kufuatilia bendi hii watauliza aliyepaswa kushika mkasi alikuwa wapi. Kuanzia mwaka 1991 hadi 2003 walifanya kazi na prodyuza Bob Rock, aliyewarudisha studio mara nyingi hadi wakamchukia, na mwaka 2008 walikuwa na Rick Rubin. Kwenye albamu mbili za mwisho, ile ya mwaka 2016 na hii ya 2023, uprodyuza umekuwa wa Greg Fidelman akishirikiana na mwimbaji James Hetfield na Ulrich wenyewe, na kazi zinatoka kwenye lebo yao wenyewe ya Blackened. Simlaumu Fidelman, kwa maana sauti aliyoipata ni safi na kavu, kila chombo kinasikika, na hata mashabiki wakali hawana neno juu yake. Ninachosema ni kwamba ni vigumu kumwambia mtu akate wimbo wake ikiwa studio, lebo na uamuzi wa mwisho vyote ni vyake. Ni kweli pia kwamba Load ilijaa pomoni ilhali Bob Rock alikuwepo. Hata hivyo, Load ilikuwa na nyimbo zenye harufu ya blues na country, zenye mwendo wa polepole na zenye utani, hivyo msikilizaji alipata mahali pa kupumzika. 72 Seasons haina hata wimbo mmoja wa taratibu wa namna ile iliyowafanya wengi wetu huku waijue Metallica kwa mara ya kwanza, redioni, usiku, miongoni mwa nyimbo za mapenzi.

Sasa niwageukie wanaoipenda, kwa maana wao wamesikia kitu ambacho walalamikaji, kwa kuhesabu dakika, wanaelekea kukipita. Jina la albamu linahesabu misimu 4 ya kila mwaka katika miaka 18 ya kwanza ya maisha ya mtu, yaani muda ambao mtoto anaambiwa yeye ni nani na dunia ni nini, kisha anautumia utu uzima wake wote ama kuyakubali aliyoambiwa ama kuyapinga. Hetfield ana sababu ya kuuliza swali hilo. Wazazi wake walikuwa waumini wa Christian Science, madhehebu yanayotegemea sala badala ya dawa. Baba yake aliiacha familia Hetfield akiwa mvulana, na mama yake alifariki kwa saratani Hetfield akiwa na miaka 16. Alikwisha kuyaimba hayo zamani, kwa hasira katika Dyers Eve ya mwaka 1988, kwa uchungu katika The God That Failed ya mwaka 1991, na kwa upole usiotarajiwa katika Mama Said ya mwaka 1996. Kwa hiyo anayesema kwamba mada si mpya anasema kweli.

Kilichobadilika ni mahali anapoyatazamia. Mwaka 2001 Hetfield aliingia kwenye matibabu ya ulevi, na mwaka 2019 akarudi tena, hata ziara ya Australia na New Zealand ikaahirishwa. Aliyeimba albamu hii alikuwa na miaka 59 ilipotoka, na hamlaumu tena baba wala mama kwa sauti ile ya kijana aliyefungiwa nje ya nyumba. Anajitazama mwenyewe anavyoyabeba yale yale na jinsi alivyoyazoea hadi akaogopa kuyatua. Katika Inamorata huzuni inakuwa mpenzi ambaye mtu anajua hamfai lakini kila usiku anamfungulia mlango, na katika Screaming Suicide mawazo ya kujiua yanapewa sauti ili yasiendelee kufanyiwa siri. Shabiki aliyemfuata mwimbaji huyu tangu wote wawili wakiwa vijana, na ambaye naye sasa ana watoto, madeni na pengine chupa aliyoiacha kwa shida, hawezi kuambiwa kwamba mapenzi yake kwa albamu hii ni upofu. Amesikia habari zake. Kasoro ninayoiona ni kwamba maneno mazito hivyo yamepangwa mara nyingi katika mistari mifupi mifupi yenye vina vya haraka, neno moja moja likirushwa kwa mpigo, na kiitikio kikirudi kwa mara ya nne hata kukiri kwa kweli kunaanza kusikika kama kaulimbiu.

Kuhusu solo za mpiga gitaa Kirk Hammett sitakaa sana, ingawa mabishano juu yake yamekuwa makali kuliko juu ya kitu kingine chochote. Wanaomcheka wanasema anakimbilia pedali yake ya wah, kile kifaa cha mguuni kinacholiliza gitaa, kila anapopungukiwa na wazo, nao hawakosei kabisa. Yeye mwenyewe alieleza hadharani kwamba solo nyingi alizipiga kwa kubuni papo hapo, akitaka hisia ya wakati ule kuliko ufundi uliopangwa. Mimi ninaikubali nia hiyo, lakini solo ya papo hapo huhitaji wimbo unaoiandalia mahali pa kuangukia. Juu ya nyimbo zisizobadilika, solo zake zinasikika kama mgeni aliyeletwa kuchangamsha shughuli iliyokwisha kudorora.

Inafaa pia kukumbuka kwamba mashabiki hawa wana historia ya kulalamika kwa sababu za msingi. St. Anger ilipotoka mwaka 2003 bila solo hata moja, na ngoma ya snare, ile ndogo yenye mlio mkali, ikilia kama debe tupu, baadhi yao walifikia hatua ya kuirekodi albamu nzima upya kwa namna waliyoona inafaa. Ilipokuja Death Magnetic mwaka 2008, walikuwa wao waliogundua kwamba nyimbo zile zile zilisikika vizuri zaidi ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero kuliko kwenye sidii, kwa kuwa za sidii zilikuwa zimekandamizwa sauti hadi zikakwaruza, na maelfu yao wakatia saini ombi la kutaka irekebishwe. Huko si kung'ang'ania zamani. Watu hao wana masikio.

Ndiyo maana siipendi hoja ya wale wanaotaka tushukuru tu. Wanasema wanamuziki hawa wamevuka miaka 60, wamejaza viwanja vya Ulaya na Amerika katika ziara iliyoanzia Amsterdam Aprili 2023, usiku mbili kila mji bila kurudia wimbo hata mmoja, kisha Februari 2024 wimbo uliobeba jina la albamu ukawapa tuzo ya Grammy. Sasa tunataka nini zaidi? Mimi naona heshima hiyo ina dharau ndani yake, kwa maana inampima mwanamuziki kwa umri wake kama mtoto anayepongezwa kwa kusimama dede. Metallica hawajaomba kuhurumiwa. Ukiisikiliza Shadows Follow, au dakika za mwisho za Room of Mirrors pale magitaa mawili yanaposhikana kwa melodi moja, unakuta bendi yenye nguvu za kutosha kuhukumiwa kwa kipimo cha albamu zake bora.

Kwa hiyo nimeipunguza mwenyewe. Nimeondoa nyimbo tatu nilizozitaja hapo juu, kisha, baada ya kusitasita, nikaiondoa pia You Must Burn!, ambayo uzito wake naupenda na hadithi yake ya umati unaotafuta mchawi wa kumchoma naiheshimu, ila inazunguka kwa dakika 7 bila kufika popote. Zinabaki nyimbo 8, zinazoanza na 72 Seasons na kuishia na Inamorata, zikichukua karibu dakika 51, yaani pungufu ya Master of Puppets. Nimewasikilizisha mashabiki wa pande zote mbili. Waliokuwa hawaimalizi wameimaliza, na waliokuwa wakiitetea wamenikasirikia kwa ajili ya You Must Burn! peke yake, hao nimewaambia kwamba niko tayari kuirudisha, mradi wanitajie wimbo upi kati ya hizo 8 utakaoipisha.